Omena Chini ya Nyasi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kezia alichota maji ziwani, akamlisha nyanya yake uji kwa kijiko, kisha akafungua banda la kuku. Mwaka huo wa 1996 alikuwa darasa la sita.

Nyanya yake waliyemwita Dani, kama nyanya wote wa kisiwa cha Rusinga wanavyoitwa, alikuwa amepooza. Ulimi tu ndio uliobaki na nguvu zake. Kitanda chake kiliwekwa karibu na mlango, maana alipenda kulitazama ziwa. Banda la kuku lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Jumatatu moja mvua ililowesha omena, dagaa wadogo wa ziwani, ambayo Mama Susana, mama yake Kezia, alikuwa ameianika. Omena ikishalowa hivyo hainunuliwi na mtu. Huwa ya kuku.

"Ianike mwambani mpaka ikauke kabisa," Mama alimwambia Kezia. "Halafu itie kwenye gunia. Kuku wapewe kiganja kimoja kwa siku. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama."

Lakini rafiki yake Liz alikuwa anangoja na kamba ya kuruka. "Wewe Kezia, umeolewa na hao kuku?" alimcheka. Kezia akaimwaga omena yote bandani, karai zima, akatandaza nyasi juu yake, akakimbia kucheza.

Kuku walikula wakashiba. Iliyobaki ilioza chini ya nyasi pamoja na mavi yao. Baada ya siku kumi hivi, nzi wakajaa boma zima. Walitua kwenye midomo ya Dani na kwenye pembe za macho yake, naye hakuweza kuwafukuza. Mama akamfunika uso kwa leso.

"Leso inanichoma," Dani alilalamika. "Nifunueni, jameni. Nikifa nitafunikwa vya kutosha."

"Kezia, banda umesafisha?" Mama aliuliza.

"Nimesafisha, Mama. Nzi wanatoka kwa jirani."

Chini ya leso, Dani aliyasikia yote.

Siku ya tatu ya leso, Kezia aliifunua ili amlishe. Nzi akatangulia kijiko. Dani akatema uji, machozi yakamtoka, na hata kwenye hayo machozi nzi wakatua. Kezia akaweka bakuli chini.

"Dani, ni mimi. Ile omena niliimwaga mbichi bandani. Nilimdanganya Mama."

"Najua. Si nimelala hapa nikitazama nje? Nilikuona na karai lako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungesafisha kwa kuogopa kiboko. Umesema mwenyewe, utasafisha hata nikiwa sipo. Sasa mwite mama yako."

Kezia alimweleza Mama kila kitu, naye Mama hakumpiga. Aliketi kizingitini, akalia kidogo, kisha akaenda kuchukua jembe. Hilo lilimuuma Kezia kuliko kiboko.

Walikwangua banda mpaka wakafika udongo mkavu. Chini ya nyasi, funza walitambaa, weupe kama wali. Walichimba shimo refu nyuma ya migomba, wakatia uchafu wote, wakafukia. Wakanyunyiza jivu bandani, wakaweka chombo cha maji juu ya mawe ili kuku wasiyamwage. Kila asubuhi Kezia alikwangua, akafukia, akatia jivu.

Wiki ikapita. Nzi wakawa wa kuhesabika. Dani akafunuliwa uso, akaliona ziwa siku nne. Alfajiri ya siku ya tano walimkuta amekata roho, uso ukielekea mlangoni.

Baada ya mazishi Kezia aliuliza, "Mama, ni mimi niliyemuua?"

"Hapana. Ugonjwa ndio uliomchukua. Lakini siku zake zilikuwa chache, na kumi kati ya hizo alikaa gizani chini ya leso. Hizo hatuwezi kumrudishia. Nzi hawakutoka kwa jirani, mwanangu. Walizaliwa pale ulipoficha uchafu, na kila siku uliyodanganya walizidi. Kosa likisemwa mapema, linaumiza wachache."

Kesho yake kitanda cha mlangoni kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemtuma. Kezia alichukua jembe na kopo la jivu, akaingia bandani.