Pistoni ya Nane

Injini ilikuwa haijatiwa petroli bado, wala oili, wala maji, na tayari ilikuwa inanukia muthokoi.

Fundi Nzomo aliinua pua. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Kibwezi limewafukuza hata mbuzi barabarani, na gereji nzima ilikuwa kimya. Alidhani harufu imetoka kibanda cha chakula ng'ambo, lakini siku hiyo kibanda kilikuwa kimefungwa. Akainama juu ya ile injini ndefu. Mahindi yaliyokobolewa, mbaazi, na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaungua kidogo. Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa akiunguza kitunguu hivyo makusudi, na huyo alizikwa kwao Matiliku kabla ya mvua.

"Ni njaa tu," alijiambia, akashika spana.

Neno hilo lilikuwa geni kinywani mwake. Tangu mkewe Syokau afe, Nzomo hakuwa na njaa, wala usingizi wa maana, wala hasira. Hakulia kaburini. Watu walimsifu kwamba amejikaza kiume, kumbe hakujikaza lolote; ndani hapakuwa na kitu cha kukaza. Juzi nyundo ilimpiga kidole, ukucha ukawa mweusi, naye akautazama kama ukucha wa mtu mwingine.

Kazi ndiyo iliyokuwa ikimsogeza, na kazi hii haikuwa ya kila siku. Muktar, mwenye malori kule Mtito Andei, alikuwa amelikuta gari la enzi za wakoloni kwenye ghala la shamba la mkonge. Lilikuwa na pua ndefu, na chini ya pua hiyo silinda nane zilizopangwa kwenye mstari mmoja kama wanafunzi paredi. Alitaka kulipeleka kwenye mashindano ya magari ya kale Nairobi, na alitaka likimbie kuliko lilivyozaliwa. Nzomo alizitanua silinda, akaweka vali kubwa, akaikwangua hedi ili mgandamizo uongezeke, akafunga kabureta mbili mahali pa moja. Pistoni za zamani, za chuma kizito, alizitupa. Alisubu nyingine za alumini, nyepesi, ili injini izunguke kwa haraka. Aliyeyusha pistoni mbovu za malori katika tanuri la makaa nyuma ya gereji, akamimina moja baada ya nyingine.

Ya nane ikapungukiwa na alumini kidogo tu. Tanuri lilikuwa limeshika vizuri, na hakuna fundi anayependa kuzima tanuri lililoshika. Nyumba ilikuwa hapo hapo nyuma ya gereji. Nzomo aliingia jikoni, akaiangua ukutani sufuria kubwa ya Syokau, ambayo hakuna aliyeipikia tangu matanga. Vitu vya marehemu vilitakiwa vigawanywe, na sufuria ile iende kwa mama yake au dada zake, lakini kila siku ya kugawa ilipopangwa Nzomo alisema wiki ijayo. Aliikanyaga ikabonyea, akaitia motoni. Alumini ni alumini, alisema, na hakuhisi kitu.

Jioni ya siku ile ya harufu, dada yake Kathini, aliyehamia kwake kumsaidia kulea, alipakua ugali na sukuma wiki. Kavata, mtoto wa pekee wa Nzomo, wa darasa la pili, aliisukuma sahani.

"Anti, mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujakula tangu asubuhi?"

"Nimekula kwa Mama."

Kathini alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama ugali.

"Ni huzuni," alisema Nzomo. "Itaisha."

Haikuisha. Kavata akitoka shule alipitia gereji, akaketi chini nyuma ya lile gari, na akiingia nyumbani ameshiba. Uji ameshiba, chapati ameshiba. Sketi ya shule ilianza kumteleza kiunoni. Kathini akaikaza kwa pini, kisha akaihamisha pini, kisha akaihamisha tena. Zahanati ilimpima damu, ikampima choo, ikasema hana ugonjwa, apewe mayai. Mchungaji alikuja akaomba mpaka shati likalowa jasho. Kavata aliitikia amina kwa adabu na hakuligusa yai.

"Huyu mtoto anakufa tukimwona, Baba Kavata," Kathini alinong'ona. "Kwani wewe huoni?"

Nzomo alikuwa anaona. Aliona mifupa ya mabega, aliona macho yaliyozidi uso. Aliona tu, na kule kuona hakukufika popote ndani yake. Kitu kimoja hakumwambia dada yake: kwamba mchana, gereji ikitulia, yeye pia alikuwa akiketi karibu na ile injini, kwa sababu hapo tu ndipo tumbo lake liliponguruma kama la mtu aliye hai.

Siku ya kuiwasha, Muktar alifika amevaa miwani mipya. Injini ilishika kwa mpigo wa kwanza, ikatulia, ikawa inanguruma laini.

"Fundi, wewe ni noma!" Muktar alipiga makofi. "Twende tuone miguu yake."

Walishika barabara ya Mombasa kuelekea Mtito Andei. Gari lile kongwe liliyapita malori matatu kwa mkupuo, kibao cha mwendo kikatetemeka mwisho kabisa, na Muktar alicheka mpaka ghafla akaacha.

"Umebeba chakula?"

"La."

"Sasa hii harufu?"

Nzomo aliegesha kando, akazima. Injini haikuzima. Hilo halikumtisha, mgandamizo ukiwa mkali na silinda zikiwa zimechemka, injini huweza kujizungusha kidogo hata ufunguo ukiwa mkononi. Ilikohoa, ikasimama, na feni nayo ikasimama, na hapo, katika kimya kile cha Tsavo, kutoka silinda ya mwisho, ile iliyo karibu na miguu yao, kukaanza mkwaruzo wa taratibu, kwaru, kwaru, ukitulia kidogo, ukirudi, ukizunguka, mkwaruzo ambao Nzomo aliusikia kila siku ya ndoa yake, wa mwiko unaokwangua ukoko chini ya sufuria.

"Unasikia?" Muktar aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nasikia."

"Ni chuma kinapoa, ama?"

Nzomo hakutaka kumdanganya mteja, kwa hiyo aliwasha gari na kuligeuza. Waliporudi Kibwezi Muktar hakuingia gereji. Alishuka barabarani, akasema atampigia mjomba wake simu.

Jua lilikuwa linazama Nzomo alipomaliza kunawa na kwenda kumchukua mtoto. Alisikia kabla ya kuona. Alisikia mtu akipuliza, fuu, fuu, pole pole, vile mama anavyopuliza kijiko cha chakula cha moto kabla ya kumpa mtoto, na alipozunguka nyuma ya gari alimwona Kavata amepiga magoti mbele ya ekzosi, macho ameyafumba, mdomo ameufunua, akingoja, kisha ule upulizaji ukakoma na koo jembamba la mtoto likapanda na kushuka, akameza, akatafuna, akameza tena, midomo yake myeusi kwa masizi, na injini ilikuwa imezimwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Nzomo.

Alimbeba. Hakuwa na uzito wa kumfanya mtu apumue kwa nguvu.

"Baba, bado sijamaliza," Kavata alisema.

Asubuhi Muktar alirudi na mjomba wake, mzee Kusow, mtu mfupi mwenye kikohozi, aliyekuwa akiwasomea wagonjwa Kurani huko Mtito Andei. Kathini aliwazuia mlangoni na Biblia yake kifuani.

"Sisi ni watu wa kanisa. Majini hatuna hapa. Kama kuna kitu, ni pepo, na pepo ako na dawa yake."

"Sawa, mama, tuseme ni pepo," alijibu Kusow bila kukasirika. "Mtoto ako wapi?"

"Nyanya yetu angesema ni maimu, mizimu ya ukoo," Nzomo alisema.

"Jina tutapatana baadaye. Mtoto kwanza."

Kathini aliitazama sketi yenye pini, akatoka mlangoni.

Kusow hakupiga ngoma wala kufukiza ubani. Alipitisha kiganja juu ya injini, silinda kwa silinda, midomo ikisoma, na alipofika ya nane aliurudisha mkono haraka.

"Hapa kuna kitu cha mtu."

Nzomo akaeleza. Alipofika kwenye sufuria, Kathini aliketi juu ya tairi.

"Sufuria ya Syokau? Uliiweka moto? Na vitu vyake havijagawanywa?"

"Ilikuwa alumini," Nzomo alisema, na kwa mara ya kwanza akasikia jinsi maneno hayo yalivyo.

"Kimeingia kwa mlango ambao uliacha wazi," alisema Kusow. "Na huyu si bibi yako, usijidanganye. Mama akiona mtoto anakonda, anawacha kumlisha moshi. Huyu anajua kupika tu. Kumpenda hajui. Toa hiyo pistoni. Mtoto atakula."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

Nzomo aliokota spana. Aliogopa. Hofu ilimpanda kutoka tumboni, halisi, ya kwanza tangu kaburini, na haikuwa hofu ya jini. Aliogopa kwamba harufu ile ikitoka hatakuwa na kitu kingine.

Alifungua hedi. Akateremsha sahani ya oili, akaingia chini kulegeza mkono wa pistoni. Kusow alisoma. Kathini alimshika Kavata, akaomba kwa Kikamba, na sala zile mbili zilikwenda pamoja bila kugombana.

"Baba, wacha!" mtoto alilia. "Anaungua!"

Nzomo aliweka mpini wa nyundo chini ya pistoni ili aisukume juu. Ndipo sauti ikatoka ndani ya silinda, karibu sana na sikio lake, ya uchovu kidogo, ya mtu aliyesimama jikoni siku nzima.

"Baba Kavata. Ngoja kidogo. Hakijaiva."

Mkono wake ulisimama. Muktar alianza kurudi nyuma kuelekea barabarani. Kusow aliinua sauti, kikohozi kikamkatiza, akaanza upya aya ile ile, na chini ya gari Nzomo alilala akisikiliza kama kutakuwa na neno lingine, akilitaka hilo neno kuliko alivyowahi kutaka kitu, mpaka alipogeuza uso na kuiona miguu ya Kavata ikining'inia kutoka mapajani mwa Kathini, myembamba, soksi zimeanguka kwenye viatu kwa kukosa cha kushika.

Akasukuma.

Injini ilikuwa imepoa tangu jana, lakini pistoni ilitoka ya moto. Alipotoka chini ya gari na kuishika, ilimchoma viganja vyote viwili na maumivu yakamfika yote. Aliiweka juu ya fuawe, akaipiga hadi ikapasuka. Harufu ilisimama hewani kidogo, kisha ikawa harufu ya gereji. Vipande alivipeleka Matiliku siku ile ile, kwa mama yake Syokau, pamoja na kanga, jembe na viti, na vitu vikagawanywa ilivyopasa.

Usiku Kavata alikula. Alikula sahani mbili, akaomba ya tatu, na Kathini akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Kisha mtoto akaweka kijiko chini.

"Mama ameenda wapi?"

"Mama alikufa, Kavata. Tulimzika. Ulikuwepo."

"Si alikuwa kwa gari."

"Haikuwa yeye."

Kavata alilia kilio ambacho hakuwa amekilia kaburini, na Nzomo aliponyoosha mikono yake yenye bandeji, mtoto alimkimbilia shangazi yake.

"Ni wewe ulimtoa," alisema.

Muktar alisubiwa pistoni nyingine, ya alumini ya malori peke yake, na gari likaenda Nairobi likakimbia vizuri tu. Kavata alinenepa, pini ikatolewa kwenye sketi, darasani akapanda. Siku hizi ana afya, anacheka na wenzake, anamsalimia babake kila asubuhi bila kukosa. Ila hamwiti Baba. Saa saba mchana husimama kwenye mlango wa gereji, haingii, na kusema kwa heshima ile ile wanayoitumia wateja:

"Fundi, Anti anasema chakula kiko tayari."

Naye Nzomo huitikia, hunawa mikono, huenda kula.