Mtaalamu Asiyemuuliza Mke Wangu

Ndugu zangu wa Kigongo, na nyinyi mnaokaa ng'ambo huko Busisi, mimi Machibya niliishia darasa la nne, lakini hili nitaliandika mwenyewe. Wenye elimu walikuwepo na hawakuliandika.

Tulikuwa tunaishi vizuri. Mke wangu Evelina, Mama Justa, alikuwa anakaanga sato pale kivukoni, wakati kivuko bado kinafanya kazi, na mimi nalima mpunga. Jumapili tukitoka kanisani tunakaa nyuma ya nyumba, yeye anapara samaki, mimi nanoa jembe na kuimba. "Baba Justa," ananiambia, "unaimba kama ng'ombe aliyekwama matopeni." Nacheka mpaka magamba yananirukia mdomoni. Binti yetu Justa alikuwa mjini anajifunza ushonaji. Nyumba ilikuwa na kicheko.

Halafu tendo la ndoa likaingia mdudu. Mama Justa akawa anakaza mwili, anageukia ukutani. Nikimgusa anasema, "Leo nimechoka." Ikapita wiki, ukapita mwezi. Msinicheke. Mambo haya yako kwenye nyumba nyingi kuliko mnavyokiri mkiwa kijiweni.

Nikaenda zahanati. Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo wakubwa wanapoingia. Chumba cha matibabu hakikuwa na mlango. Kulikuwa na kitenge kimetundikwa, na benchi la wagonjwa liko hatua mbili kutoka hapo. Siku hiyo kwenye benchi amekaa mama mkwe wangu. Muuguzi akauliza kwa sauti ya mnadani, "Enhe, baba, tatizo nini?"

"Homa," nikasema.

Akanipima malaria. Sina. Akanipa panadoli, nikaenda nazo nyumbani nikazimeza, nisionekane mwongo. Diwani alituahidi mlango ule kwenye kampeni mbili. Mbili! Mwanamume gani anataja kitanda chake mbele ya mkwe?

Gladness, mdogo wake Mama Justa, anafanya usafi kwenye hospitali moja mjini Mwanza. Yeye ndiye aliyetuambia. "Shemeji, pale kwetu yuko Sista Dorcas. Amesomea kushauri watu wa ndoa mambo hayo hayo ya chumbani. Mnaingia, anafunga mlango, mnaongea."

"Ana mume?"

"Bado."

"Ana miaka mingapi?"

"Kama mimi tu."

"Mtoto asiye na mume anifundishe mimi kitanda? Labda nimfundishe yeye!"

Gladness akaguna. "Fundi wa mtumbwi si lazima awe samaki, shemeji."

Nilicheka peke yangu. Mama Justa hakucheka. Niliona, nikalipita.

Nikajitafutia wangu. Hakuwa mbali, maana gari lake la matangazo lilikuwa linapita kila siku ya gulio: "Ndoa imepoa? Mama anageukia ukutani? Njoo kwa Mtaalamu Shimba!" Anageukia ukutani! Nikaona huyu mtu ananijua. Ofisini kwake alikuwa na kibali cha uganga cha serikali kwenye fremu, kina muhuri. Mimi muhuri ndio ninaoujua. Kukagua aliyepewa muhuri ilikuwa kazi ya walioupiga.

Shimba akamwambia Mama Justa akae nje, kwenye gogo. "Mimi sihoji wanawake," akaniambia. "Ukimhoji mwanamke habari za kitanda umempa fimbo ya kukuchapia. Mwenye nyumba ni wewe. Eleza."

Nikaeleza. Sitaficha, ndugu zangu: nilimpenda mtu yule. Kila alilosema ndilo nililotaka kulisikia. Akasema nguvu zangu hazina kasoro hata chembe. "Huyu mama ana jini mahaba. Ameshaolewa huko, ndiyo maana hana hamu na wewe." Akanipa unga wa mizizi, wa Mama Justa kujiweka sehemu za siri kila jioni. Maelekezo akanipa mimi. Mwenye mwili alikuwa kwenye gogo.

Siku ya tatu Mama Justa akasema, "Unawasha, Baba Justa. Unawasha sana."

"Anayewashwa ni jini. Vumilia."

Akavumilia. Tulirudi kwa Shimba mara ya pili, ya tatu, ya tano, na kila mara yeye ni nje, kwenye gogo. Akaanza kukonda. Kiuno kikamkatalia kusimama kwenye karai la mafuta, akaacha biashara. Shimba akasema hiyo ni dalili njema, jini anagoma kutoka. Mwaka na zaidi ukakatika hivyo.

Siku aliyoanguka akiteka maji kisimani, Gladness alikuja kutoka mjini na hakuniomba ruhusa. Alimpakia kwenye gari, na mimi nikafuata nyuma kama mzigo.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," Sista Dorcas alitusalimia. Akanisikiliza mimi kwanza, kwa upole, bila kunikata. Halafu akasema, "Sasa baba, naomba ukae nje kidogo nimsikie na mama."

"Ya kwake nimeshakueleza yote."

"Umenieleza ya kwako, baba."

Nikatoka. Aliponiita tena, mke wangu alikuwa anajifuta macho kwa khanga. Dorcas akasema, "Mama anatokwa na damu kila baada ya tendo. Ilianza kabla ya huo unga. Hakuna mtu aliyemuuliza. Baba, kazi yangu ni kushauri, lakini hili si la kushauri. Ni la daktari wa kina mama, na nawapeleka mwenyewe sasa hivi."

Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, imeshasambaa. Daktari alisema tungekuja mwaka jana tungekuwa tunaongea mengine.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza wodini. Hata pale nilikuwa nafoka.

"Ningekuambia lini? Nikisema nimechoka, unasema jeuri. Nikisema unawasha, unasema jini. Ulikuwa unawaeleza watu mwili wangu, Baba Justa, na mimi nimekaa nje."

Tulimzika wakati wa masika. Diwani alikuja msibani akahutubia. Nilipokwenda kumshtaki Shimba, mtendaji akanijibu, "Mzee, kibali chake kiko hai, na wewe ulikwenda kwa miguu yako." Ni kweli, miguu ilikuwa yangu. Lakini nyinyi wakubwa mliweka kitenge kule na muhuri huku.

FUNZO

Ndugu zangu, tatizo la kitandani ni tatizo la afya kama mengine. Tafuteni msaada, ila mchagueni anayewafaa. Anayekusifu tu, mkimbie. Asiyetaka kumsikia mwenzako hajui hata nusu ya shida yenu. Anayetibu kila kitu na hakuna siku anakupeleka kwa mwingine, muogope, hata akiwa na mihuri kumi. Mzuri ni aliyesomea, anayefunga mlango, anayemsikiliza kila mmoja peke yake, na pale anapofika mwisho wa ujuzi wake anasema wazi. Ana mume au hana, haikuhusu. Mke akitaka aongee na mwanamke mwenzake, mwacheni. Na damu baada ya tendo si jini. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Nanyi wakubwa, mlango ni mbao na bawaba. Hautaki mfadhili.

Justa wangu ameolewa mwaka huu, yuko Magu. Kwetu baba hamuulizi binti yake mambo ya chumbani, na mwiko huo siwezi kuuvunja. Nimemtuma Gladness akae naye faragha, amuulize kama kuna panapouma. Nimemwambia asiniletee jibu. Jibu ni la Justa, alipeleke mwenyewe kwa mtu anayemwamini.