Pembe Inayoitika

Mimi ni dobi. Nguo za mtaa mzima zinapita mikononi mwangu. Nikiona doa kwenye shati, najua mwenye shati alikula nini na alikaa wapi. Mume wangu ni fundi cherehani. Yeye anashona, mimi nafua. Tuna watoto pacha, kwa hiyo watu wananiita Mama Pacha, naye wanamwita Baba Pacha.

Nyumba yetu iko katika mji mkongwe. Kuta zake ni nene. Ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima. Juu kuna vyumba viwili. Chini kuna chumba cha cherehani, na nyuma kuna ua ninakofulia. Choo kiko huko uani.

Mama mkwe wangu alikuwa analala juu. Mwaka jana alianguka kwenye ngazi hizo akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini ngazi zilimshinda. Kwa miezi minane hakushuka. Nilimpandishia maji ya kuoga, chakula na ndoo ya haja. Zamani akinigombeza, sauti yake ilifika barabarani. Sasa aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama Pacha, leo mlangoni amepita nani?"

Sifichi, mama mkwe huyu tumegombana sana. Lakini swali lile liliniuma kila siku.

Basi tukaamua kumjengea chumba uani, chenye choo chake ndani. Tulitaka kimalizike kabla ya mvua. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Mume wangu alipeleka mchoro kwenye ofisi ya ujenzi. Alirudi na barua, uso umemshuka.

"Wanasema nini?" nikamuuliza.

"Wanasema mji wetu ni wa kale. Chini ya ardhi kuna vitu vya watu wa zamani. Tusichimbe msingi mpaka mtaalamu wa mambo ya kale aje kukagua. Atakuja Alhamisi ijayo."

Tulikuwa na mwashi tunayemwita Fundi Kesho. Ukimwita leo, anakwambia kesho. Ukimwita kesho, anakwambia kesho. Lakini aliposikia habari ya mtaalamu, alifika siku ile ile! Hata chai hakuisubiri.

"Shemeji, mmekwisha," akaniambia. "Watu hao nawajua. Wakikuta kigae kimoja cha chungu, kiwanja kimekwenda na maji. Mama atazeekea huko huko juu."

"Sasa tufanyeje?" mume wangu akauliza.

Na hapo, jamani, mimi ndiye niliyetoa wazo. Nalisema mwenyewe ili nisije nikasemwa na wengine.

"Hawa wanatafuta vitu, sivyo?" nikasema. "Basi tuchimbe sisi. Tutoe vyote vilivyomo. Tuvisafishe, tuwape mkononi. Wakija hawana cha kutafuta tena. Watatuachia tujenge."

Fundi Kesho akacheka. "Mama Pacha una akili wewe!"

Siku ya Jumatatu wakaanza kuchimba mtaro wa msingi. Mama mkwe alisikia sururu, akaita kutoka dirishani.

"Mnachimba wapi? Pembe ile ya mwisho iacheni! Pembe ile inaitika!"

"Sawa, Mama," nikajibu. Fundi Kesho akanikonyeza. Tulidhani ni maneno ya uzee.

Vitu vilitoka, vigae vingi vya vyungu, shanga tatu na mifupa ya samaki. Nilivitia vyote kwenye beseni. Nikavifua kama ninavyofua kola za mashati, kwa sabuni, maji ya moto na brashi ngumu. Kipande kimoja cha chungu kilikuwa na ukoko mweusi ndani. Ukaidi wake! Nilikisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa. Kisha nikavipanga vyote juu ya shuka jeupe, vikubwa upande huu, vidogo upande ule. Roho yangu ilifurahi.

Siku ya Alhamisi mtaalamu alikuja. Alikuwa dada mmoja mwenye buti za vumbi, na begani alibeba mfuko wenye futi ya kupimia na mwiko mdogo kama wa mwashi. Nilimpokea kwa bashasha.

"Karibu, dada. Kazi yako tumeimaliza. Tazama!"

Alitazama shuka. Akatazama mtaro. Akavua kofia yake na kukaa kwenye ndoo niliyoigeuza. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Mama," akasema, "hivi vimetoka wapi?"

"Si hapo mtaroni?"

"Mtaroni wapi? Juu au chini? Kipi kilikuwa karibu na kipi?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akamtazama Fundi Kesho. Fundi Kesho akatazama viatu vyake.

"Kwani kuna tofauti gani, dada?" nikauliza.

Akaangaza macho uani. Akaona kapu langu la nguo chafu. "Hizi nguo za chini kabisa zililetwa lini?"

"Jumatatu."

"Na hizi za juu?"

"Leo asubuhi."

"Umejuaje? Hazijaandikwa siku."

"Aa! Za chini si ndizo zilizotangulia kuingia?"

"Basi na ardhi ni hivyo hivyo. Udongo hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini ni la watu wa kwanza. La juu ni la waliokuja baadaye. Sisi hatutafuti vitu tu. Tunataka kujua kitu kililala tabaka gani, na jirani yake alikuwa nani. Mtu akilimwaga kapu lako lote sakafuni, utajua tena nguo ipi ni ya Jumatatu?"

Alichukua kile kigae nilichokisugua, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hiki kilikuwa na ukoko ndani?"

"Ndiyo. Mweusi. Ulinitesa kweli."

"Ule ulikuwa chakula kilichoungua. Maabara ingeweza kutuambia mwanamke wa zamani alipika nini ndani ya chungu hiki."

Nilisikia aibu. Mimi, ninayelisoma doa la kila shati, nilikuwa nimefuta doa la mwanamke mwenzangu na kulimwaga kwenye mfereji.

"Na kiwanja je?" mume wangu akauliza. "Mtakichukua? Dada, mama yangu hajashuka ngazi miezi minane. Kama ni kosa, nishitaki mimi. Lakini chumba..."

"Nani amesema tunachukua kiwanja?"

Wote tukamgeukia Fundi Kesho. Ghafla alianza kukohoa.

"Kosa lipo, na nitaliandika," akasema yule dada. "Lakini sikuja kuzuia chumba. Nimekuja tupange. Leteni mchoro."

Tukautandaza mezani, pale mume wangu anapokatia vitambaa. Yule dada akaanza kuuliza. Msingi utakwenda chini kiasi gani? Shimo la choo litakuwa wapi? Bomba litapita wapi?

"Tutachimba pale tu ambapo jengo litagusa," akaeleza. "Pasipoguswa, tunapaacha palale. Kwanza nitapima mashimo madogo ya majaribio, kila moja mita moja kwa mita moja. Tutashuka polepole, tabaka moja moja. Udongo tutauchekecha. Kila kitu kitaingia mfuko wake, na mfuko utaandikwa shimo na tabaka. Tukishajua kilichomo, ndipo tutaamua ukuta ukae wapi. Ukuta kwenye karatasi unasogezwa kwa kifutio. Ukishakuwa zege, utausogeza na nani?"

"Na huu mtaro wetu tuliouharibu?" nikauliza.

"Kingo zake bado zimesimama. Nitazisafisha nizisome. Si yote yamepotea."

Nikamgeukia mume wangu. Hasira zangu zilihitaji pa kushukia. "Na wewe, Baba Pacha! Suruali ya mtu unaipima mara tatu kabla ya kuikata. Uani kwa mama yako ukakata bila kupima!"

"Wazo lilikuwa la nani?" akanijibu.

Hapo alinipata.

Kisha yule dada akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Nani ameishi nyumba hii muda mrefu kuliko wote? Kabla ya kuuliza udongo, sisi huuliza watu."

Tukampeleka juu. Mama mkwe alijitengeneza mtandio, akaketi wima. Miezi minane hakuna mgeni aliyepanda kumuuliza neno.

"Ile pembe ya mwisho," akasema. "Nilipoletwa hapa bi harusi, nilipeleka kinu changu pale. Mama mkwe wangu alinikataza. Alisema, usitwange pale, pale panaitika. Mimi mbishi, nikatwanga. Nikipiga mchi, du! Na huko chini, du! Kama kuna mwenzangu anatwanga. Nilikimbia nikaacha kinu."

Yule dada alikuwa anaandika. "Pembe ipi hasa, Bibi?"

"Hiyo hiyo. Nimewapigia kelele hawa. Wakaniambia 'sawa, Mama,' kisha wakakonyezana. Mnadhani macho nayo yamevunjika nyonga?"

Sikujua nijifiche wapi.

Shimo la kwanza la majaribio lilipimwa pale pale. Uchimbaji ulichukua siku tisa. Wafanyakazi wanne aliokuja nao yule dada walishuka tabaka baada ya tabaka, kwa mwiko na brashi. Mimi nilipewa kazi ya kuandika mifuko. Siku ya tano kilitoka chungu karibu kizima, chenye masizi nje na ukoko ndani. Mama jirani alichungulia akasema, "Uchafu gani huu? Lete sabuni nikusaidie."

"Usiguse!" nikapiga kelele. "Asikioshe mtu!"

Alinitazama kama mgonjwa. Dobi anakataza kuosha!

Siku ya saba, kwenye ile pembe, mwiko uligonga mbao zilizooza. Yule dada akawarudisha watu wote nyuma. Walifunga kamba kuzunguka, wakainua ubao mmoja kwa tahadhari. Chini yake palikuwa na giza tupu. Kwa ruhusa yake, Fundi Kesho aliangusha jiwe. Tukasubiri. Tukasikia maji.

Kilikuwa kisima cha zamani, kilichofunikwa kwa mbao na kufukiwa udongo. Mume wangu akachukua mchoro. Kitanda cha mama yake kilikuwa kimechorwa juu ya kisima hicho kabisa.

"Mungu wangu," akasema. "Ningemlaza mama juu ya shimo."

Fundi Kesho alikaa chini. "Na mimi ningemwaga zege juu yake," akasema. Siku ile hakutania tena.

Hatukupoteza kiwanja. Tulisogeza ukuta mita mbili, kwenye karatasi. Chumba kikawa chembamba kidogo, kirefu zaidi. Kisima kilipimwa, kikapigwa picha na kufunikwa kwa mfuniko imara. Shimo la choo tulilihamishia upande wa pili, mbali nacho. Chungu na mifuko vilikwenda makumbusho, na kwenye kila mfuko kuna mwandiko wangu. Vile vigae nilivyovifua vilikwenda pia. Lakini mfuko wake umeandikwa: "Tabaka halijulikani." Hayo nayo niliyaandika kwa mkono wangu.

Fundi Kesho alijenga kila siku. Chumba kilimalizika wiki moja kabla ya mvua.

Siku ya kuhamia, mume wangu alimbeba mama yake mgongoni, ngazi moja baada ya nyingine. Mama mkwe alilia njia nzima, na alimgombeza mwanawe njia nzima. Mlangoni mwa chumba kipya akasema, "Niteremshe."

Akasimama kwa fimbo yake. Hakutazama kitanda. Hakutazama choo. Alikwenda polepole mpaka kila pembe, na kila pembe aligonga sakafu kwa fimbo, du, kisha akatega sikio.

Pembe ya nne aligonga mara mbili.

"Haiitiki," akasema. "Mama Pacha, nitandikie."