Kivinjari cha Mama Vyeti

Kila asubuhi benchi la ofisi ya vizazi lilijaa akina mama na watoto wachanga. Mama Vyeti aliwapokea mmoja mmoja. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu kila cheti cha kuzaliwa kilipitia mikononi mwake. Alimtania mtoto kwanza, kisha akaingiza habari zake kwenye kompyuta.

Kompyuta yake ilikuwa na kivinjari cha zamani. Kivinjari ni programu inayotufungulia kurasa za mtandao. Kila alipokifungua, ujumbe ulitokea: "Toleo hili limepitwa na wakati. Sasisha." Naye alibonyeza "Baadaye." Mkuu wa ofisi alikuwa amewakataza wafanyakazi kukigusa. Alihofia kwamba kikibadilishwa, mfumo wa vyeti utagoma.

Siku moja ikaja barua pepe. Ilisema akaunti yake ya kazi itafungwa leo hii asipoingia upya. Akabonyeza palipoandikwa "Ingia." Ukurasa uliofunguka ulifanana na wa ofisi kama shilingi kwa ya pili. Akaandika nywila yake, yaani neno lake la siri. Ukurasa ukatoweka, kioo kikabaki cheupe.

Hapo akatambua kwamba huenda ametapeliwa. Aliwaza majina ya watoto wote aliowaandikisha. Je, mwizi akiyafuta? Akiyabadilisha? Aliona haya kumwambia mtu. Akampigia simu mumewe, fundi baiskeli, akamsimulia kwa sauti ya chini.

"Mama watoto, mficha uchi hazai," mumewe alimwambia. "Na wewe ndiye wa ofisi ya vizazi! Nenda kaseme sasa hivi."

Mama Vyeti alicheka bila kutaka. Akaenda moja kwa moja kwa fundi wa kompyuta, mwanamke waliyemwita Bi Waya.

Bi Waya hakumlaumu. Aliitoa kompyuta ile kwenye mtandao, akambadilishia nywila kupitia kompyuta nyingine. Kisha wakakagua mfumo pamoja. Kweli, kuna mtu alijaribu kuingia kwa nywila ya zamani, akakuta mlango umefungwa. Hakuna jina la mtoto lililoguswa. Mama Vyeti akashusha pumzi.

Mkuu alipopata habari, alikuja kuuliza kivinjari kinahusikaje.

"Kivinjari ni mlango wetu, bosi," Bi Waya alisema. "Waliokitengeneza wakiona tundu, wanaliziba kwa toleo jipya. Wezi nao wanasikia habari za tundu hilo. Sisi tusiosasisha tunabaki nalo wazi."

"Lakini ya kale ni dhahabu," mkuu alisema.

"Dhahabu, ndiyo. Kivinjari, hapana. Kipya huenda kingemwonya kabla hajaandika chochote."

Hata hivyo, aliwaeleza, kipya nacho hakioni kila kitu. Kabla ya kuandika nywila, soma anwani iliyo juu ya ukurasa. Usiingie kwenye akaunti kupitia barua pepe usiyoitarajia.

Hofu ya mkuu haikupuuzwa. Bi Waya alisasisha kompyuta moja kwanza. Vyeti vilitoka vizuri, ila maandishi ya pembeni yalikatika. Akarekebisha mipangilio ya uchapaji, yakakaa sawa. Ndipo akasasisha zote. Aliwaonya pia kuwa wezi hutuma ujumbe wa uongo wa kusasisha. Wa kweli hupatikana kwenye mipangilio ya kivinjari chenyewe.

Baadaye barua pepe nyingine ya hila iliingia. Karani mmoja aliibonyeza kwa haraka zake. Ukurasa mwekundu ukajaa kioo: "Hatari. Tovuti hii ni ya udanganyifu." Akaufunga, akamwita Bi Waya bila aibu yoyote. Kazi ikaendelea.

Asubuhi iliyofuata mkuu alichungulia mlangoni kwa Mama Vyeti, simu mkononi.

"Mama, hii inaniambia nisasishe. Nibonyeze?"

"Ujumbe umeuona wapi, bosi?"

Mkuu aliinamia simu, akasoma polepole. "Kwenye mipangilio ya kivinjari chenyewe."

"Basi bonyeza," alisema Mama Vyeti, akampokea mtoto mwingine.