Kadii Ahama Tena

Kila Jumamosi, akishafagia uwanja na kuosha vyombo, Kadii alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa pale Barani, mjini Malindi. Humo Mwalimu Musembi, fundi wa mitambo katika viwanda vya chumvi kule Marereni, aliwafundisha watoto judo. Somo lilikuwa lile lile: kuanguka bila kuumia, na kuuchomoa mkono ulioshikwa.

"Nimechoka kuchomoa mkono," Kadii alimwambia rafiki yake Dorcas. "Mimi nataka mateke."

Basi akahamia karate. Haukupita muda, akasikia taekwondo ikisifiwa, akahamia huko. Dorcas alibaki kwa Mwalimu Musembi.

Jioni moja wasichana hao walitumwa dukani. Wakati wa kurudi walipita nyuma ya ghala bovu. Kadii akasikia nyayo. Waliposimama, nyayo zilisimama. Walipoondoka, nazo ziliondoka.

"Usigeuke," Dorcas alinong'ona.

Ghafla mwanamume akamkamata Kadii mkono. "Kimya! Njoo huku."

Kadii alitaka kupiga teke. Teke gani, la karate au la taekwondo? Aliinua mguu, akayumba, akaanguka kwa ubavu. Akajaribu kupiga ukelele, sauti haikutoka. Yule mtu akaanza kumburura kuelekea ghalani.

Dorcas alikuwa akitetemeka na kulia, lakini alimrukia. Mtu yule akamdaka naye kwa mkono wa pili. Hapo, kabla Dorcas hajawaza lolote, mkono wake ulijizungusha kuelekea kidole gumba cha mtu yule, ukachomoka. Dorcas akatimua mbio akipiga kelele.

"Jamani, tusaidieni! Anamchukua Kadii!"

Milango ikafunguliwa. Mwanamume akamwachia Kadii na kukimbia, lakini majirani walimkamata, wakampeleka kituo cha polisi.

Hata hivyo, hofu haikumtoka Kadii. Kuku akiparua nje, alishtuka. Kwenda bombani peke yake alikataa kabisa. Hatimaye mama yake akampeleka kwa Mwalimu Musembi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Mwalimu, kumbe judo ndiyo bora. Ningejua, nisingehama."

Musembi akatikisa kichwa. "Hapana, Kadii. Karate ni nzuri, na taekwondo pia. Dorcas aliogopa kama wewe ulivyoogopa. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hapati nafasi ya kuchagua. Mwili hufanya kile ulichokizoea tu, na wako hukuupa muda wa kuzoea chochote. Chagua mtindo unaoupenda, ukae nao hata siku utakapokuchosha. Na mkiona hatari, pigeni kelele, mkimbie. Si aibu."

Kadii akamtazama Mwalimu.

"Basi, Mwalimu," alisema kwa woga, "naomba nirudi karate. Ndiyo niliyoipenda."

Mama yake akaguna, lakini Mwalimu Musembi akacheka kwa furaha.

"Nenda, mwanangu. Ila mwezi ujao usije ukaniambia umehama tena!"