Benchi la Fundi Alute

Jua lilikuwa linazama Itigi wakati Klara anarudi na ndoo ya maji kutoka bomba la reli. Mama yake, Hana, alikuwa ameshuka kwenye treni ya Manyoni akiwa vumbi tupu, na alitaka kuoga kabla ya kwenda kulala kwa jirani. Kwa Klara asingelala. Landhi za Mwingereza, nyumba za wafanyakazi wa reli, zilikuwa za chumba kimoja kimoja, na mama mkwe halali chumba kimoja na mkwewe.

Ndiyo maana Laurenti, mume wa Klara, kibarua wa reli, alimwagiza fundi Alute benchi la kazi tatu. Mchana la kukalia, usiku la kulalia, na ukiinua kifuniko, ndani ghala la unga. Lilikuwa limeletwa jana yake.

Hana alikuwa anaogea humo chumbani, amebaki na kaniki mbichi kiunoni, kifua wazi, waliposikia viatu vya Laurenti barazani. Amewahi kurudi. Na mlango ulikuwa mmoja.

"Aibu gani hii, mwanangu," Hana alinong'ona. Akainua kifuniko cha benchi, akajikunja juu ya gunia la unga, akajifungia.

Laurenti akaingia, akaketi juu yake.

Klara akamtengea ugali wa uwele na mlenda. Amwambieje mumewe kwamba amemkalia mkwewe, naye yu nusu uchi? Heri afe. Laurenti angekula, angerudi zamu, mama angetoka. Basi.

Laurenti alikula polepole. Akalisifia benchi, akacheka, akasimulia masharti ya Alute: tia unga, tia nguo, usitie chenye pumzi. Mbao zilitoka kwenye mti ambao wazee walikataza usikatwe. Alute aliwahi kumfungia humo jogoo wake; alipofungua hakukuta hata unyoya. Ila kwa siku kadhaa alimsikia akiwika humo ndani.

Klara akageuka kulitazama benchi.

Kwaru... kwaru...

"Panya hao," alisema Laurenti, akimega tonge.

Klara akafungua mdomo. Akaufunga, akachukua kitambaa.

"Hebu simama," alisema hatimaye. "Nifute mlenda uliomwagikia hapo."

"Utafuta nikishiba. Niongeze ugali."

Akamwongeza.

Chini, kucha zikaenda mbio, kisha zikalegea. Ikapanda harufu ya mti uliokatwa sasa hivi, mbichi, nzito... kama ya buchani.

Kisha kimya.

Laurenti akanawa, akatoka. Klara akakirukia kifuniko.

Gunia la unga. Juu yake, alama ya mtu aliyejikunja, magoti yamefika kidevuni. Kaniki mbichi. Upande wa ndani wa kifuniko, mikwaruzo, na ukucha mmoja umenasa kwenye ubao.

Mtu, hakuna.

Akapapasa kila kona. Akagonga sakafu ya benchi. Ilikuwa ngumu, na ya moto kama paji la mgonjwa.

"Klara." Sauti ya mama yake, ndani ya ubao, chini kabisa ya kiganja chake. "Amemaliza kula?"

Alitaka kusema ndiyo. Ulimi ulishaanza. Ndipo ubao ukatuna chini ya vidole vyake, taratibu, kama koo linalosubiri tonge, na tonge ni mkono wake.

"Bado, mama," Klara alinong'ona, akiutoa mkono. "Bado anakula."

"Basi mwache ashibe," sauti ikajibu kwa upole, na kifuniko kikajishusha chenyewe.