Hati ya Mzee Verlin

Kidole gumba cha Mzee Verlin hakikuacha alama. Bi Quiroz, mthibitishaji wa hati anayezunguka mji wa Fresno na muhuri wake mkobani, alikibonyeza kwenye wino, akakibandika kwenye kitabu chake, pakabaki doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja.

"Uzee huo. Mistari husagika," alisema, lakini hakuinua macho.

"Endelea tu, mama," Retha alimhimiza. Majirani wawili walioitwa kushuhudia walikuwa wameshasaini, sasa wanatazama mlango. Chumba kilinuka kiberiti kilichozimwa.

Hati yenyewe ilikuwa fupi: mzee akifariki, nyumba ni ya binti yake Retha, bila kwenda mahakamani. Miaka kumi na moja Retha alimwogesha na kumlisha, huku kaka yake Dwight akituma kadi za Krismasi. Bila hati, nusu ingekwenda kwa Dwight. Na bado mzee aliahirisha, mara kesho, mara wiki ijayo, maana alifurahia kuombwa. Inauma, tusidanganyane.

Ndiyo maana alfajiri ya siku hiyo, alipomkuta baba yake amekufa, mwili wa baridi, mdomo wazi, Retha hakumpigia mtu simu, bali alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba yeyote anayesikia, awe wa juu au wa chini, amwinue mzee asaini tu, na kabla hajamaliza kuomba ile maiti ikavuta shuka, ikaketi, ikauliza kalamu iko wapi.

Bi Quiroz aligonga muhuri. Walipofika mlangoni alimshika Retha mkono.

"Nimekaa naye nusu saa," alinong'ona. "Hapumui, dada. Usiniite tena hapa."

Retha alikwenda moja kwa moja ofisi ya kaunti, akaisajili hati, akarudi na risiti. Kile kitu kilikuwa kimekalia kiti cha baba yake sebuleni, kinatafuna nyama mbichi kutoka kwenye friji.

"Imesajiliwa?" kiliuliza kwa sauti ya baba.

"Ndiyo. Sasa unaweza kuondoka."

"Niende wapi? Nyumba ni yangu mpaka nife." Kilicheka polepole. "Na mwenzio nina miaka elfu tatu, sijaugua hata mafua."

Kikanyoosha miguu.

"Nivue soksi. Halafu maji ya kuoga, yasiwe baridi kama ya baba yako jana."

Retha akainama, akaanza kuvua soksi.